Mwanangu anajificha nyuma ya mlango wageni wakija, je mtaa wetu unaweza kumsaidia?

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi huku juu ya Uyole njia ya kwenda Isyonje. Nauza viazi, nikitoka asubuhi narudi jioni. Mwanangu wa kwanza ana miaka minne na miezi miwili, anashinda na bibi yake ambaye anaongea naye Kisafwa. Shida yake ni uoga. Mgeni akija anajificha nyuma ya mlango, akiulizwa jina anainamisha kichwa, majuzi kwenye sherehe ya jirani wenzie wanacheza yeye kaning'ang'ania sketi mpaka mwisho. Nyumbani anaongea vizuri tu, tena sana. Baba yake anasema namdekeza, anataka awe anamchapa kidogo akakamae. Wifi yangu anasema nimpeleke nasari ya ingilishi midiamu mjini maana watoto wa kule wanajiamini, na wengine wanasema ni lugha mbili ndo zinamchanganya. Hapa kwetu kuna watoto wadogo kama kumi na tano wanazurura tu sisi tukiwa shamba na sokoni, tumeongea kinamama tuanzishe kitu lakini hela hatuna. Je mwanangu ana tatizo? Na sisi kama mtaa tufanye nini?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole na majukumu. Swali lako nimelisoma mara mbili na nakushukuru umeeleza kwa urefu, maana wengi wanaandika tu "mtoto wangu muoga nifanyeje" halafu nabaki nakisia. Naona una wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba mtoto ana kasoro, na wa pili, ambao hujauandika ila upo, ni kwamba wewe ndo umemharibu kwa kushinda sokoni. Huo wa pili utue kabisa. Nimefanya kazi na kinamama wa Mbeya na Iringa miaka mingi na karibu kila mama mchuuzi anao moyoni, wakati kwa kawaida kinachomuumiza mtoto sio mama kwenda sokoni, ni mama kwenda sokoni na huku nyuma hakuna aliyepanga nani anabaki na mtoto, anamlisha nini na anaongea naye nini. Hapo ndo mtaa unapoingia, nitafika huko, ila tuanze na mtoto mwenyewe.

Mtoto wa miaka minne anayeongea sana nyumbani, anayecheza na kubishana na bibi yake, halafu mgeni akija anajificha, kwa jinsi ulivyoeleza simuoni kama mgonjwa. Watoto wanazaliwa na hulka tofauti. Kuna madaktari wawili wa Marekani, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kule New York kufuatilia kundi la watoto tangu wakiwa wachanga mpaka ukubwani, wakakuta kama asilimia 40 ni wa kuzoea mambo haraka, na kama asilimia 15 ni wa kuchelewa kuzoea, yaani kitu kipya kikija wanarudi nyuma kwanza, wanakiangalia, wanakipima, na wakipewa muda wanaingia wenyewe. Mwanao anafanana na hawa. Sio ujinga na wala sio kudekezwa, ni mtoto anayetaka kujua maji yana kina gani kabla hajatia mguu, na wengi wa hivi wakikua wanakuwa watu makini sana.

Shida ni kwamba kwetu huku salamu ni kitu kikubwa. Ukiwa Iringa mtoto asiposema kamwene kwa mkubwa, aibu inamshukia mama yake, kwahiyo mgeni akiingia tunamvuta mtoto mkono, "haya salimia, wewe bubu?", na watu wanacheka, na yeye anajifunza kwamba mgeni ni kitu cha kuvutwa mkono na kuchekwa. Kesho yake anajificha mapema zaidi. Jaribu hivi: mgeni akija, msalimie wewe kwanza kwa utulivu, mtoto muache alipo, hata kama ni nyuma ya mlango, mwambie mgeni "huyu atakuja akizoea", basi mwendelee na mazungumzo. Mara nyingi baada ya robo saa utaona kichwa kinachungulia, halafu mguu, halafu kaja kusimama kwenye goti lako. Hapo usimpigie makofi wala kumtangaza, mpe tu kazi ndogo, ampelekee mgeni kiti au ndizi. Akishapeleka ameshasalimia kwa njia yake, maneno yatafuata.

Sasa hiki tunachokiita kujiamini tukielewe vizuri, maana naona wifi yako anakipima kwa kuongea. Unajua zile sherehe za mahafali ya chekechea, watoto wamevalishwa majoho, mmoja anapewa kipaza sauti anamwaga shairi refu bila kukosea na wazazi wanatunza noti. Ni jambo zuri na mtoto yule anastahili pongezi. Lakini mtoto anayejiamini mimi namtambua kwa mambo mengine kabisa, nikimpa kitu kigumu kidogo anajaribu, akishindwa anakasirika halafu anarudia, akikwama anakuja kuomba msaada kwa sababu anajua atasaidiwa, akiumia anamkimbilia mtu mzima fulani, analia, anabembelezwa, na baada ya dakika tatu huyo kasharudi kucheza. Na anaweza kusema "sitaki" kwa mtu anayemfanyia kitu kibaya, hiyo naiweka juu kabisa. Mkimya anaweza kuwa na haya yote.

Hivi vitu vinatoka wapi? Nitumie mfano wetu wenyewe. Mtu akifika nyumbani kwako anapiga hodi na wewe unaitika karibu. Mtoto naye tangu mchanga anapiga hodi siku nzima. Kichanga akikukodolea macho wakati ananyonya hiyo ni hodi, akisema "agu" ni hodi, wa mwaka mmoja akinyoosha kidole kwa kuku ni hodi, huyo wako wa miaka minne akikuuliza mara ya tisa kwanini moshi unapanda juu ni hodi hiyo hiyo. Anayemjibu "ehee, umemwona kuku, kuku anaenda wapi" amesema karibu. Na ndani ya kichwa cha mtoto kila hodi ikiitikiwa kuna nyuzi za ubongo zinaungana, kwenye miaka ya mwanzo wanasayansi wanakadiria ni zaidi ya miunganiko milioni moja kwa sekunde, na zile zinazotumika sana zinaimarika wakati zisizotumika zinapukutika. Akifika miaka mitano ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndo maana tunasema usisubiri darasa la kwanza.

Mtoto aliyeitikiwa mara nyingi anajenga imani fulani ambayo hawezi kuisema kwa mdomo, kwamba nikibisha nafunguliwa. Hiyo ndo kujiamini, hakuna nyingine. Na yule anayebisha bila kujibiwa, au akibisha anafokewa, taratibu anaacha kubisha, utamsikia mtu anamsifia "huyu mtoto hasumbui kabisa", kumbe mwenzenu ameshakata tamaa. Mimi mtoto wa miaka miwili asiyesumbua kabisa ananitia wasiwasi kuliko huyo wako wa nyuma ya mlango. Halafu sio lazima aitikiwe kila mara, hamna mzazi anayeweza, wala sio lazima aitikiwe na mama peke yake. Inatosha wawepo watu wachache wale wale, wanaomjua, wanaojibu mara nyingi kuliko wanavyopuuza. Bibi ni mmoja. Baba ni mmoja. Jirani anaweza kuwa mmoja. Simu ya katuni haiwezi, kwa sababu haimjibu, inaongea tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka mitatu au minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi.

Kuhusu baba yake na fimbo. Naomba umsomee kipande hiki yeye mwenyewe, maana simuoni kama mkatili, naona ni baba anayeogopa mwanae ataonewa huko mbele. Kaka yangu, mtoto akiogopa, mwili wake unamwaga homoni za stresi, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na ile sehemu ya ubongo inayofikiri na kutafuta maneno inapungua kazi ili nguvu zote ziende kwenye kukimbia au kuganda. Sasa huyu tayari anaganda mbele ya wageni kwa sababu ya woga, ukimuongezea fimbo umeongeza woga juu ya woga, atakachojifunza ni kwamba hata baba ni wa kujificha. Watu wanasema samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini mbichi anakunjwa taratibu kwa mkono. Sisemi kofi moja la zamani limemharibu mtoto, hapana, watoto wanapona wakiona mambo yamebadilika. Nachosema fimbo haitatibu hili na inaweza kulizidisha. Ukitaka akakamae mchukue shambani, mpe kajembe kadogo, muache ahangaike na tuta moja wewe upo pembeni, akikuita itika. Dakika kumi kwa siku za baba anayeitika zinamfanya mtoto awe mgumu kwa maana nzuri ya hilo neno.

Lugha mbili nitalipitia haraka kwa sababu halina mjadala mrefu. Kisafwa cha bibi hakimchanganyi. Mtoto anaweza kubeba lugha mbili hata tatu, anaweza kuchanganya maneno katikati ya sentensi kwa muda na hiyo ni kawaida, ukihesabu maneno yake hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja. Bibi akilazimishwa kuongea Kiswahili asichokizoea ataongea maneno machache, hatatania, hatasimulia hadithi, na hapo ndo mtoto atapata hasara kweli. Muacheni bibi na lugha yake.

Nasari ya mjini sasa. Kuna nasari nzuri na walimu wenye moyo, na mtoto kukutana na wenzie ni jambo jema, siwezi kukuambia usipeleke. Ila pima. Kutoka huko kwenu mpaka mjini mtoto ataamshwa saa kumi na moja alfajiri, baridi ya mwezi wa saba unaijua, apandishwe haisi iliyojaa, afike kwa mtu asiyemjua anayeongea lugha asiyoijua, na huyu ni mtoto wa kuchelewa kuzoea. Anaweza akaganda zaidi miezi ya kwanza, na ada umelipa. Ukienda kuangalia usiulize Kiingereza kwanza. Kaa nje ya darasa nusu saa usikilize, mtoto akilia nani anaenda, mwalimu anawaita kwa majina, wanacheza au wanakaa kwenye madawati wanaimbishwa herufi kutwa nzima, mwalimu mmoja ana watoto wangapi. Kiwango cha darasa la awali Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, ingawa shule nyingi za serikali wanazidi hapo sana. Na ukishauriwa bweni, kataa. Serikali yenyewe kuanzia Machi 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na walikuwa na sababu, mtoto wa umri huo anahitaji mtu wake wa kumkimbilia jioni.

Kwa maoni yangu, kama mfuko wako haujanenepa, mtoto huyu akae na bibi mwaka huu, aanze kuzoea kundi dogo la hapo hapo mtaani, na akifika miaka mitano aende darasa la awali la shule ya msingi ya karibu akiwa na marafiki wawili watatu anaowajua. Mtoto mwoga akiingia shuleni na rafiki ni tofauti kabisa na akiingia peke yake.

Na hapo tunafika kwa wale kumi na tano, ambao kusema kweli ndo walionifanya nikae kukujibu kwa urefu hivi.

Umesema hela hamna. Nikusimulie kitu. Mwaka 1986 kule Kingston, Jamaika, watafiti akiwemo daktari Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 mpaka 24, wa mitaa ya watu maskini. Baadhi waliongezewa chakula tu, baadhi walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii mara moja kwa wiki kwa saa moja, baadhi walipata vyote, na wengine hawakupata. Yule mhudumu hakuwa na maajabu, alibeba midoli iliyotengenezwa kwa vitu vya kutupa, akakaa chini na mama na mtoto, akamuonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mwanae. Miaka miwili tu. Baada ya miaka 20 hivi waliwatafuta tena, matokeo yakatoka 2014, wale waliotembelewa walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, wamewafikia hata watoto ambao hawakudumaa. Saa moja kwa wiki. Nikiikumbuka hiyo nikiwa kwenye vijiji vyetu huwa nakosa usingizi, kwa sababu huku kwetu watoto waliodumaa ni wengi mno.

Ndio, huku kwetu kwenye mahindi, viazi, maharage, ndizi, maziwa na parachichi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha nchi nzima watoto waliodumaa wa chini ya miaka mitano ni asilimia 30, lakini Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha nchi! Sababu ni nyingi, lishe ya mama akiwa mjamzito, kuhara kwa sababu ya maji machafu, ila moja ambayo nimeiona kwa macho yangu ni ubize wa mama. Anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, anakula uji mweupe asubuhi na ugali jioni basi. Tumbo la mtoto mdogo ni kama ngumi yake, haliwezi kubeba chakula cha siku kwa milo miwili, anahitaji mitatu na kitu cha kutafuna katikati. Mtoto mwenye njaa au upungufu wa damu hana nguvu ya kupiga hodi, anakaa tu ukutani anaota jua, na kwa kuwa habishi watu wazima nao hawamuongeleshi, kwahiyo anakosa chakula cha tumbo na cha kichwa kwa pamoja. Ndo maana mkianzisha chochote hapo mtaani anzeni na sufuria.

Kuna kijiji kimoja wilaya ya Kilolo nilikuwa nakwenda, kinamama nane walianza kama mnavyotaka nyie. Waligawana zamu, kila siku wawili wanabaki na watoto, sita wanaenda shamba, na wale wawili shamba lao linasaidiwa siku nyingine, kama watu wanavyolimiana. Hawakujenga. Mmoja alikuwa na kibanda kilichokuwa stoo ya mahindi, wakakisiriba udongo, wakatandika mikeka, wakachimba choo kidogo cha watoto chenye tundu dogo na kutundika dumu la kunawia. Kila mama alichangia kwa wiki kipimo cha unga, maharage na mayai mawili matatu. Vya kuchezea ni mipira ya manailoni, visoda vya kuhesabia, mabua ya kutengenezea magari, magunzi ya kuwa wanasesere. Siku moja nimekaa pembeni, binti wa miaka mitatu kalaza magunzi matano kwenye kanga, anasema ni wagonjwa. Mama wa zamu akachuchumaa, akamuuliza "huyu wa mwisho anaumwa nini?" Mtoto akafikiri muda mrefu kweli, yule mama anasubiri tu, hajamuharakisha. Akajibu, "anamtaka mama yake." Yule mama hakucheka, akasema, "basi tumwite," wakaita wote wawili kwa sauti. Yule mama aliishia darasa la saba na alikuwa hajawahi kuhudhuria semina yoyote, lakini kazi aliyoifanya pale mimi nafundisha watu kwa wiki nzima na wengine hawaiwezi.

Kwahiyo anzeni wachache, nyie watatu au wanne mnaoaminiana, msianze na kumi na tano. Wa chini ya miaka miwili wabaki mgongoni kwa mama zao au kwa mtu wao, hao wanahitaji mikono mingi. Zamu iwe ya watu wazima wawili kila siku, usiache mtu mmoja peke yake na watoto, kwa usalama wa watoto na wake pia. Wale wale wazungukie, mtoto asikutane na sura mpya kila wiki. Chakula, uji uwe mzito wenye maziwa au yai, parachichi la kuponda mnalo, maharage yapondwe, usipa wa Kyela, wale dagaa wa ziwani, ukipatikana usagwe uwekwe kidogo kwenye mboga. Unga wa lishe wa nafaka kumi sio lazima, michanganyiko mirefu vile haiongezi kitu, chakula cha kawaida cha aina tofauti kwenye sahani kinatosha, ila mahindi na karanga ziwe kavu zisizo na ukungu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Baridi ikizidi msifungie watoto ndani na mbaula ya mkaa, hewa yake inaua bila harufu, wavalisheni na muwatoe juani.

Na muda mwingine wacheze tu. Kujificha, kombolela, kupika kwa udongo, hadithi za bibi. Mkubwa akisema "hadithi hadithi" na watoto wakaitika "hadithi njoo", hiyo nayo ni hodi na karibu, na yule mwoga anaweza kuitika akiwa katikati ya wenzie bila mtu kumuangalia. Kazi za nyumbani zisidharauliwe pia. Bibi yake akichambua viazi vya kuuza amuweke mtoto karibu, vikubwa huku, vidogo kule, hiki kimekatwa na jembe kiweke pembeni, na siku mtoto akikosea asimnyang'anye, amuulize "una hakika?" asubiri. Hapo kuna hesabu, kuna lugha, na kuna ile raha ya mtoto kujua kwamba kazi ya kweli ya nyumbani imekamilika na yeye mkono wake umo. Ukimsifia sifia kitu alichofanya, "umevitenga vizuri vile vidogo", usiseme tu "una akili".

Mkiona mnataka kupokea watoto wa watu wengine na kuchangisha hela, hicho sasa kimekuwa kituo na kina taratibu za usajili, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla hamjaanza. Kwenye kata mtafuteni pia afisa maendeleo ya jamii, mumuulize kuhusu programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile ya MMMAM iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto wa miaka 0 mpaka 8 na vikundi kama vyenu vimo ndani ya mawazo yake. Mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa, na mhudumu wa afya wa jamii aalikwe apime uzito na urefu hapo hapo. Kama mna kikoba, ule mfuko wa jamii unaweza kununua sufuria na mikeka.

Sasa mambo ya kumpeleka kwa mtu amuone. Kwanza masikio. Simama nyuma yake akiwa anacheza, mwite kwa sauti ya chini, jaribu kila upande. Huku kwetu kwenye baridi mafua hayaishi na sikio kutoa usaha linachukuliwa kama jambo dogo, kumbe mtoto anapoteza usikivu kidogo kidogo halafu anaitwa mwoga au mkaidi. Hata akiitika, umpeleke kituo cha afya wamwangalie, na ubebe kadi ya kliniki waone mstari wake wa ukuaji na urefu wake. Pili, akianza shule na zikapita kama wiki sita au zaidi hajatoa neno hata moja kule wakati nyumbani anaongea, hiyo ni hali inayojulikana na inasaidika, mwombe daktari akupe rufaa, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wapo wa kumuona.

Kwa watoto wengine wa mtaani kwenu, asiyetembea akiwa na miezi 18, asiye na neno hata moja umri huo, asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, asiyekuangalia usoni, au mtoto wa umri wowote aliyekuwa anafanya kitu akaacha, hao msingoje "atakuja kuongea tu, hata baba yake alichelewa". Wapelekwe mwezi huo huo. Na mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika ghafla, akaanza tena kukojoa kitandani, akamwogopa mtu mmoja fulani, hapo usifikirie hulka, fikiria kwamba kuna mtu anamuumiza. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, usianze kwa kuitisha kikao cha ukoo.

Yule mwanao mdogo hujaniambia ana umri gani, ukiandika tena nitajie. Na masikio ya huyu mkubwa wakishayaangalia niambie wameona nini, pamoja na bibi amesemaje kuhusu kazi ya viazi.